Dele la Ibra

Jumatatu kreni ililing'oa dele la saruji
kwenye kipilefti cha Ibra, ziwekwe taa.
Mdomo ulikatika kwanza. Vumbi lake jeupe
likatua kwenye kioo cha gari langu.

Mama, Bi Zuwena, kila mgeni alimwambia hivi:
"Ukifika kwenye dele, fuata mdomo."
Alitoka Wete na kanga nne na Kiswahili;
Kiarabu chake kikabaki cha sokoni.
Lile dele ndilo lililomsemea.

Makaburini kwetu hakuna majina.
Mwanamume mawe mawili, mwanamke matatu,
basi. Aliyemo anajulikana na Mola wake.
Nilihesabu safu, nikapotea, nikahesabu tena.

Fundi, kijana wa Bangladeshi, alinipa kipande cha mdomo
bila kuniuliza. Kizito kama mtoto aliyelala.
Nikampelekea, nikakisimamisha kando ya yale matatu,
kisha nikaona haya: jiwe la nne pale halisemi kitu.
Mwenyewe angenikaripia, "Hebu liondoe, we!"

Nikaliondoa.
Nikalilaza kiti cha mbele, nikalifunga mkanda.
Njia panda, taa mpya ikawaka kijani,
nyuma wakapiga honi,
nami sijui nigeukie wapi.