Nguzo Tano

Saa mbili asubuhi, umande ungali kwenye nyasi,
tulifunga nguzo saba wavuni
na Una Galbraith akazinyanyua kama kikapu cha mayai.
Saa saba mchana hewa ilikuwa imelegea,
Februari ya Otago, jiwe linachoma kiganja.
Akanionyesha vidole kupitia kioo.

Vitano.

Bwana Strachan, mwenye kondoo na mwenye kilima,
alilipa kwa safari, si kwa nguzo.
"Mashine ni ileile. Nguzo ni zilezile.
Asubuhi saba, sasa tano?
Imechoka, kama punda?"
Akasukumia mbili zaidi wavuni kwa ncha ya buti.
Nami mfunga kulabu, nani wa kubishana?
Nikainua mkono: tayari.

Kamba ikanyooka. Wavu ukaachana na ardhi kimo cha goti,
ukabaki hapo.
Nikajua macho yake hayako kwetu,
yako kwenye mshale mdogo
unaosema silinda sita zimebakiwa na pumzi kiasi gani.
Injini ya pistoni haifichi akiba chini ya godoro.
Kishikio kikishazungushwa hadi mwisho, ni mwisho,
na kila mmoja humo anakula sahani moja:
mapanga yanakula, joto linakula,
hata mguu wa kushoto ukikanyaga pedali
mkia unadai fungu lake.

Akaushusha wavu.
Akangoja, injini ikinguruma.
Sikuambiwa. Nikatoa mbili.
Strachan akatema mate.

Karibu na ardhi, chini ya mapanga, kuna mto,
wa kulalia, si wa maji,
hewa iliyoshindiliwa inayokubeba bure.
Ukivuka ukingo wa kilima mto huo umekwisha,
na chini yako uko ule mwingine,
mita mia mbili, wenye mawe.

Safari ya tisa, pale pale ukingoni,
upepo ukageuka, ukampiga mgongoni.
Nilisikia kabla sijaona:
mlio ulizama, pigo na pigo vikaachana,
naweza kuapa niliyahesabu mapanga
yakijikunja juu kama mwavuli.

Kinachozama, kivute.
Ndivyo mikono yetu ilivyofunzwa na ndoo na visima,
na mwili mzima, hadi meno, hutaka kuvuta.
Una alishusha wenzo.
Kwa sisi tuliosimama ilionekana amekata tamaa:
mashine inaanguka, naye anaisaidia kuanguka.
Kidole gumba kikabonyeza,
kulabu ikafumbuka,
nguzo tano zikatawanyika hewani kama njiti za kiberiti.
Pua ikainama bondeni, ikafuata mteremko,
tukaipoteza.

Sijui ni muda gani. Kasuku mmoja wa milimani
alikuwa ameshika glavu yangu, anang'oa uzi mmoja mmoja,
nami nikamwacha.

Kisha mlio, mwembamba, wenye hasira, mzima,
ukapanda kutoka upande wa pili wa bonde.

Alitua, akazima, akakalia debe la petroli.
Chai ilimwagika kwa mkono wa kushoto tu,
ule wa wenzo. Wa kulia ulitulia.
Nikauliza kwa nini alishusha.
"Urefu unanunuliwa tena," akasema.
"Mizunguko ikiisha, hakuna duka."
Akapuliza chai. "Na zingekuwa saba..."
Hakumalizia. Alimtazama Strachan,
aliyekuwa akiandika kwenye daftari lake:
*nguzo tano, zimepotea, kukatwa.*

Nne niliziokota mwezi wa tano, zimepasuka.
Ya tano ilijikita wima kwenye tope karibu na maji,
mahali ambapo ua haupiti wala hautapita.
Iko hapo bado.
Kondoo huenda kujikuna.