Usaili wa Jumanne

Pazi, wa darasa la tano, ndiye jopo.
Amekalia dumu la lita ishirini,
puani miwani ya marehemu babu, kioo kimoja hakipo,
mkononi kadi nilizoziandika kwa kalamu nyekundu.
"Mwombaji, ingia."
Naingia kutoka mlangoni,
kati ya beseni na kandambili za mama.
"Kaa." Naketi. "Hujasema asante."
Nasimama. Naketi tena. Asante.

"Eleza e-lek-tro... hii ndefu. Ruka."
Siku tatu zimebaki
na kila neno refu Pazi analiruka
kama dimbwi la Yombo Buza.

Moli naijua kama mwenye duka ajuavyo kibaba.
Najua pamanganeti inavyomezwa tone kwa tone
hadi tone lile moja linalogoma kumezwa,
likabaki waridi.
Lakini bureti zilikuwa mbili, sisi sitini na mmoja.
Tone hilo nililisoma nyuma ya mabega ya wenzangu.
Wakiniuliza, niseme nililishika?

Mama yuko uani, anakoroga sabuni ya maji.
Ndoo ya bluu, mwiko ulioliwa ncha,
glavu moja; ya pili ilitoboka mwezi wa Ramadhani
na kostiki ikamwachia kwenye kifundo
alama kama punje ya mahindi.
Hajawahi kuiita kemia. Anaiita kazi.

"Na mimi niulize?"
Pazi anamvulia miwani. Haitaki.
"Sabuni hii hii, ndoo hii hii.
Kwa Bi Havijawa inatoa povu mpaka anaimba.
Mama Siwatu, kule bondeni, anairudisha,
anasema nimemwibia. Kwa nini?"

Kitabu kinanitoka mdomoni:
kalisiamu, magnesiamu, utando, mashapo.
Nairudia yote kwa Kiingereza,
maana ndicho watakachoulizia.
Mama ananingoja
kama mtu anayengoja gari la taka lipite.
"Haya. Mama Siwatu anachota wapi?"

Sijui.
Miaka miwili nimembebea sabuni hadi mlangoni kwake.
Sijui.

"Kisima cha chumvi. Havijawa ananunua maji baridi."

Maji baridi! Nacheka peke yangu:
yanashinda juani kwenye tanki jeusi,
saa nane mchana yanakaribia kuunguza,
na mji mzima bado unayaita baridi
kwa kuwa tu ulimi haukukunja uso.
Neno hili nitaliingizaje kwenye chumba cha maprofesa?
Nikilitafsiri, linakuwa uongo.

Umeme unakatika. Pazi anatangaza usaili umefungwa,
matokeo yatabandikwa ukutani.
Nashika chupa tupu, nateremka bondeni.
"Naomba maji ya kisima chako."
Mama Siwatu ananipima juu hadi chini.
"Leo mmeamua kunirudishia hela?"

Usiku, tochi ya simu imeegemea sufuria.
Chupa mbili, kijiko cha dawa ya kikohozi, sabuni.
Natia tone, natikisa. Natia, natikisa.
Maji baridi: tone la nne, povu limesimama.
Ya kisima: kumi, kumi na tano, utando tu,
mweupe, mvivu, kama ukoko wa uji.
Mkono unauma. Sijawahi kuumwa na mkono
kwa ajili ya somo hili.

Mama anauliza kutoka kitandani, gizani:
"Ngapi?"
"Thelathini na moja."
Kimya. Nadhani amelala.

"Kesho," anasema, "nipimie na cha msikitini."