Siku Fundi Alipopimwa

Mimi ndiye ninayepima watu hapa Nyamugo.
Kifua, kiuno, urefu wa mkono,
nyonga za bibi harusi anayezuia pumzi
ili atoke mwembamba kwenye daftari,
na siku ya kuvaa zipu inamkana mbele ya mashangazi.
Miaka ishirini na moja, utepe shingoni,
na hakuna aliyewahi kunipima mimi.

Nilipanda ngazi za kituo tumbo likiwa tupu.
Walisema: tangu saa mbili usiku, maji tu.
Mama Faida alikuwa anakaanga mandazi pale konani.
Nikapita nimeshika pua kama mtu anayepita chooni.

Aganze, muuguzi, akasema: Kaa kwanza.
Miguu chini, mgongo kwenye kiti, mdomo ufunge.
Dakika tano.
Nikasema nina magauni manane yananingoja.
Akasema: Mlima wa Kadutu bado unapanda ndani yako.
Ngoja ushuke.

Mkanda ukavimba, ukanibana mkono, ukapumua.
Mia moja arobaini na nane kwa tisini na nne.
Nikauliza, sasa nakufa?
Akacheka kidogo, si sana.
Ya juu ni moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika.
Wako haupumziki vizuri.
Lakini namba moja si hukumu, utarudi Jumanne,
na Jumanne nyingine.

Nikamkumbuka mama.
Alianguka na beseni la sambaza, mdomo ukapinda upande mmoja.
Tulitafuta mchawi mtaa mzima,
tukamfukuza jirani aliyetuazima mwavuli.
Hatukutafuta mkanda huu.

Kisha sindano.
Sindano ni neno langu la kila siku,
imenichoma mara elfu, haijawahi kuondoka na kitu.
Ya Bisimwa iliondoka na chupa tatu:
kizibo cha zambarau, chekundu, na cha rangi ya majivu.
Nikamuuliza kama anauza na nyuzi.

Akanieleza huku anaandika.
Kuna sukari ya asubuhi hii. Hiyo inaweza kukupamba,
umefunga usiku mmoja kwa ajili yetu.
Kuna nyingine ambayo damu inaitunza,
miezi miwili, mitatu nyuma.
Nikasema: kama daftari langu la madeni.
Mteja anakuja Krismasi na tabasamu jipya,
daftari linakumbuka Oktoba.
Akaacha kuandika. Ndiyo, mama, akasema. Ni hiyo hiyo.

Mkojo alichovya kijiti chenye viraka vya rangi,
akakipeleka dirishani kukilinganisha na viraka vya kopo,
maana taa inadanganya rangi.
Huyu ni fundi, nikasema moyoni.

Karatasi ilitoka saa nane.
Namba yangu, na pembeni namba mbili: kuanzia hapa, kuishia hapa.
Sikujua kwamba afya ina upana.
Nilidhani ni tundu la sindano, kumbe ni kitambaa,
mtu anaweza kusogea ndani yake.
Figo, sawa. Sukari imesimama ukingoni, haijavuka.
Mafuta ya damu yamevuka.
Chumvi, akasema Aganze. Punguza hiyo chumvi.
Nikaitika, nikiwaza sombe ya dada yangu,
na sikuahidi kitu.

Jioni nilifungua daftari la vipimo.
Kati ya Mama Zawadi na kwaya ya Bagira
palikuwa na ukurasa mtupu.
Nikaandika: Nsimire. 148 kwa 94.
Kiuno, nikaandika tisini na saba.
Nikafuta.
Nikaandika mia moja na moja.
Chini yake nikaacha mistari miwili kwa zile Jumanne.

Mteja akaingia na kitenge chake kwenye mfuko,
akasimama wima, akavuta tumbo ndani.
Pumua, nikamwambia.
Utepe nilikuwa nao mkononi.
Pumua kwanza, mama. Nangoja.