Jaruba Lisilopewa Kitu

Saa kumi na mbili na nusu, bonde la Ruvu bado lina umande,
nami nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
mkasi wa kucha mkono wa kulia, kibano kushoto,
nahasi ua la mpunga kabla halijafumbua macho.
Vifuko sita vya chavua, vyembamba kuliko ukope,
navitoa kimoja kimoja, nahesabu kwa sauti:
kikibaki kimoja, ndoa imeharibika.

Mama ni Supa, mrefu, ananukia, mvivu wa kuzaa.
Baba ni mfupi wa kitaluni, shingo ngumu,
hana harufu, hana hadithi,
ila kula anajua.
Saa nne, jua likikaa sawa,
natikisa suke lake juu ya bibi arusi,
vumbi la manjano linashuka kimya.
Namvisha bahasha, naandika tarehe kwa penseli,
maana wino hulia mvua ikinyesha.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Leo vitukuu vyao vimepangwa majaruba matatu.
La kwanza limepewa urea, mifuko miwili kwa eka.
La pili nusu mfuko.
La tatu halikupewa kitu.
Bwana Shekilindi, mkuu wetu, huliita sifuri.
Kibwana anayefungulia maji
huliita Kwa Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani wa Matimbwa
hununua urea kwa kopo, siku akiuza kuku.
Huimwaga pembe moja tu, ile ya njiani,
ili wapitao waone kijani wanyamaze.
Huko ndani, mpunga na Mungu wake.

Namba 31, jaruba la kwanza, alikuwa sultani:
majani meusi kwa shibe, masuke yameinama kwa uzito,
wageni wakampiga picha.
Jaruba la tatu, 31 huyo huyo
alikaa kama mtu wa pilau aliyewekewa muhogo mkavu.
Akanuna. Akageuka manjano. Akazaa pumba.

Namba 86 alikuwa kinyume.
Penye mifuko miwili alilewa,
akarefuka bila adabu,
mvua ya kwanza ya Mei ikamlaza kifudifudi matopeni.
Penye sifuri alisimama.
Nilimng'oa mmoja nimwone miguu:
mizizi ndevu ndefu, imechimba chini
kutafuta riziki ambayo hatukumwekea.

Sasa niseme ninachokificha kwenye ripoti.
Mwaka wa tatu nilimkata 86.
Kalamu nyekundu, mkono wangu mimi.
Siku zile tulichagua penye shibe tu,
na penye shibe, mwenye kujua njaa
huonekana hana maana.
Ni Kibwana aliyeokota gunia la waliokatwa,
akalipanda pembezoni mwa jaruba la tatu, mstari mmoja,
ndege wale huyo wawaache wenye vyeo.
Kila mwaka akavuna walichobakisha ndege, akapanda tena.
Hakuwa na mpango. Hapendi tu mbegu itupwe.

Wanasema mchele mmoja, mapishi mbalimbali.
Wamesahau kwamba mapishi huanza shambani,
na majiko hayalingani kuni.

Bwana Shekilindi kaleta fomu: mbegu ipi ipendekezwe?
Nafasi ni moja.
Nikaandika 31, nikapiga mkwaju, nikaandika 86.
Akaniuliza kama nimechoka.

Siku ya kuvuna Bi Sikudhani alikuja na ungo.
Namba hakuitazama.
Alitia punje kinywani, akaivunja kwa jino la pembeni.
"Huyu anakula nini?"
"Utakachompa."
"Na nisipompa?"
Nilimwonyesha jaruba. Alilizunguka lote, polepole,
akarudi na matope hadi magotini.
"Hanukii," akasema.

Kweli. Harufu ya Supa ilipotea njiani,
kizazi gani sijui, labda siku nilipohesabu vifuko vitano
nikadhani ni sita.

Kesho ndoo ipo pale pale.
Nimeshanoa mkasi.