Ukikanyaga au Ukiachia

Sauti ilianza Kikondo, asubuhi ya umande mzito,
nimepakia viazi, magunia kumi na mawili.
Kwi, kwi, kwi, chini ya miguu yangu,
kama kifaranga kafunikwa na chungu.
Nilidhani ni kifaranga kweli. Nikasimama, nikachungulia:
ukungu, tope, kimya.
Nilipoondoka, naye akaondoka nami.

Igawilo walisema difu.
Wakaifungua, wakaifunga, wakaijaza oili ya rangi ya asali.
Sijafika Uyole, kwi, kwi.
Sae wakasema beringi za magurudumu. Nikanunua.
Shemeji akasema uza,
mwaka huu chuma chakavu kina bei.

Ndipo nikaelekezwa kwa Anyosisye, nyuma ya mashine ya kukoboa.
Sikio lake la kushoto lilibaki Mafinga, kwenye misumeno ya mbao.
Hakugusa spana. Aliuliza tu:
"Linalia ukikanyaga, au ukiachia?"

Sikujua.
Miaka sita nashika usukani huu, na sikujua.

Tukatoka. Yeye kalala nyuma, kwenye bodi tupu,
sikio zima juu ya bati.
"Kanyaga!" Nikakanyaga.
"Achia!" Ko! Kitu kikagonga, mara moja, kama mlango wa jirani.
"Kata kulia! Kata kushoto!" Kifaranga hakubadili sauti.
"Hizo beringi ulinunua bure. Toa gia sasa, liende lenyewe."
(Tulikuwa tambarare. Mlima Nyoka nisingethubutu.)
Injini ikashusha pumzi, lakini kwi, kwi, kwi
ikafuata tairi, ikapungua na tairi.
"Basi injini haina kesi."

Chini ya gari akaishika propela kwa mikono miwili,
akaitikisa huku na huku
kama mtu anayejaribu jino la mtoto.
Ko.
"Lete kidole."
Kwenye krosi, ukingoni mwa kikombe, vumbi jekundu
laini kama unga wa ulezi.
"Grisi haijafika hapa siku nyingi."

Baba alikuwa na bomba la grisi. Kila Jumamosi, kabla ya kuoga.
Tulipogawana, mimi nilichukua funguo.
Bomba nilimpa jirani, lilikuwa linachafua stoo.

Krosi mpya, bei ya debe mbili za viazi.
Akaing'oa ya zamani kwa nyundo,
sindano za beringi zikamwagika kiganjani mwake, zimelika,
nyingine zimekuwa vumbi lile lile.
Pesa ya difu sikumwambia. Ya shemeji pia.

Leo nimepanda Isyonje, gari limenyamaza.
Limenyamaza mno. Kona ya tatu nikajikuta
nakanyaga, naachia, nakanyaga tena,
nimetega sikio.

Mlango wa kulia unagonga, tak, tak.
Huo naujua. Baba alikuwa akiubana kwa kiwiko.
Nikaweka kiwiko.