Blanketi la Dakika Tisini

Kadi ilisema: dakika tisini, soda, na blanketi bure.
Juni hii, Mbeya, nani akatae blanketi?
Kule Isyonje umande umeganda usiku,
majani ya viazi yameungua kana kwamba mtu kayamwagia maji ya moto.

Nikafunga mahesabu yangu Uyole, nikamwambia Ambwene,
"Mteja wa Tunduma akija, bei haijashuka.
Saa sita ikinikuta huko, njoo unifuate."

Mafiati, ghorofa ya tatu.
Viti vimevishwa magauni meupe kama mabibi harusi.
Nikachagua cha mwisho, jirani na mlango,
mkoba mapajani.
Koti sikuvua.
Anayevua koti amekwisha kununua nusu.

Kijana akawasha ziwa ukutani.
Matema: mchanga, milima ya Livingstone imelala nyuma,
nyumba ya vyumba viwili, jiko la gesi.
"Nyumba hii ni yako, mama. Wiki moja kila mwaka,
wewe, watoto, mpaka wajukuu."
Na hizo wiki nyingine hamsini na moja?
"Za wenzako."
Nikaiona nyumba hiyo:
kitanda kimoja, wenye nyumba hamsini na wawili,
na hakuna anayejua nani kavunja kikombe.
Yangu ilikuwa wiki ya pili ya Aprili,
tope la Kyela mpaka magotini.

Mimi ni mtu wa magunia.
Lumbesa naijua hata ikija na tai shingoni:
gunia limejaa, bado linashonewa nundu ya nyavu juu,
na nundu ile haiandikwi popote,
mgongo wa mkulima ndio daftari lake.

Kushoto kwangu mzee Mwaisumo alikuwa anazama.
Alitoa sababu, ndiyo kosa lake.
"Nina ada za watoto." Wakamkatia malipo vipande kumi na vinane.
"Mke wangu sijamuuliza." Wakampa simu ampigie.
"Nina kisukari." Wakamwambia hewa ya ziwa ni dawa.
Sababu ni mlango. Ufungue upenyo wa kidole tu,
mtu anaingiza kiatu.

Zamu yangu ikafika.
"Kipi kinakuzuia, mama Tupokigwe?"
"Hakuna."
"Basi tuandike?"
"Sinunui."
"Ni bei?"
"Sinunui."
"Hulipendi ziwa?"
"Nalipenda. Sinunui."
Akaitwa mkubwa wao, manukato yamemtangulia hatua nne,
akaleta punguzo la leo tu, mwisho saa sita mchana.
Nilimtazama kama mvua ya Machi:
haibishaniwi, unakaa chini ya bati mpaka ichoke.
Kalamu waliyonipa nikailaza mezani,
mdomo wake ukimwelekea yeye.

Dakika ya hamsini na tatu nikasema,
"Blanketi."

Kijana ndiye aliyenipeleka stoo.
Shati jeupe, mikono mitupu, vipele vya baridi hadi viwikoni;
koti, nadhani, haliruhusiwi mbele ya ziwa.
"Tangu Jumatatu sijauza hata wiki moja," akanong'ona,
"na tunalipwa kwa mauzo.
Mama, umewezaje kutoka haraka hivyo?
Mimi nimo humu tangu Februari."

Nikamweleza habari ya mlango na kiatu.
Kisha, kwa kuwa biashara ni ugonjwa na mimi ninao,
nikaongeza: "Uyole natafuta mshonaji wa magunia.
Kwa gunia, pesa mkononi, kila jioni."
"Hapana, mama."
"Ni mbali?"
"Hapana, mama."
"Ni vumbi? Ni viatu hivyo?"
Akatabasamu, mara ya kwanza kwa meno yake mwenyewe.
"Hapana, mama."

Nilicheka ngazi zote tatu mpaka barabarani.
Pale nikalikunjua blanketi, nikaliinua juani.
Loleza ulionekana wote,
na bendera ya shule,
na kijana dirishani anawasha tena ziwa.