Mguu wa Kushoto

Wiki ya tatu baada ya kukuzika
fundi wa Modena alilizunguka gari lako mara moja,
hakuinama hata kidogo, akataja elfu kumi na moja.
Euro, Ermes. Kwa klachi.
Nikamshukuru, nikaikunja karatasi yake ya bei
ikawa kabari ya mlango wa gereji.

Mimi ni mtu wa vigae. Miaka thelathini na minne Sassuolo,
mbele ya mkanda, mgongo kwa tanuri;
kigae kilichopungua nusu milimita nakijua kwa kidole.
Chuma sikukijua. Lakini chuma nacho kina juu na chini,
na aliyekifunga alikuwa na mikono miwili kama mimi.

Novemba. Ukungu umeketi uani kama mgeni asiyejua kuaga.
Gari lako liko juu ya vigingi vinne, kijani cha njegere,
rangi uliyoing'ang'ania wote walipokushauri jekundu.
Injini imekaa mgongoni mwa dereva,
nyuma yake giaboksi, na katikati yao, gizani, hiyo klachi.
Bomba la moshi kwanza. Kisha shafti mbili. Kisha nyaya,
kila waya nimeufunga utepe na jina, Jumatatu, Jumanne,
maana majina yao ya kitabuni sikuyaelewa.
Bolti nimezipanga kwenye trei ya keki ya mama yetu.
Ile ya mwisho, ya juu, isiyoonekana,
niliipapasa siku mbili,
nikaitukana kwa lahaja ya nyumbani, ndipo ikalegea.

Tarcisio wa jirani akaja na winchi yake ya kuning'inizia nguruwe.
"Likianguka," akasema, "mimi sikuwepo."
Halikuanguka. Lilishuka polepole likidondosha mafuta,
na ndani ya ile kengele ya chuma ikatoka harufu
ya kwato, ya nywele, ya chungu kilichosahauliwa motoni.

Nikaitoa sahani ya klachi, nikaipima kwa kidole, mazoea tu.
Imekwisha. Nyembamba kama kaki ya komunyo,
chuma chake buluu kwa joto, kimejaa nyufa za uzi
kama kigae kilichotolewa tanurini kwa pupa.
"Huyu," Tarcisio akasema, "alikuwa haiachii pedeli.
Gari alilishikilia mlimani kwa klachi.
Uvivu wa kuvuta breki ya mkono, basi."

Nikanyamaza.
Mlima huo naujua.
Ijumaa, saa nne usiku, lango la kiwanda.
Wewe umeelekeza pua juu, gia ya kwanza,
mguu wa kushoto nusu juu nusu chini, gari linatetemeka palepale,
na mimi ndani bado nanawa, bado napiga soga na Loredana,
nabadilisha viatu, naurudia mwavuli.
"Nakuja!" napaza sauti dirishani. "Nakuja, nakuja."
Hukuwahi kupiga honi.
Robo saa. Miaka tisa.
Ukipiga hesabu vizuri, lile deni la fundi ni langu.

Mpya nimeilenga kwa mpini wa ufagio
niliouzungushia utepe hadi ukaenea tunduni.
Giaboksi lilikataa. Mara ya pili likanibana ukucha.
Mara ya tatu nikazungusha ekseli kidogo tu,
likaingia lenyewe, kimya, kama mume aliyechelewa.
Kisha kutoa hewa kwenye mrija, mimi chini, Tarcisio kitini.
Kanyaga. Shikilia. Achia.
Kanyaga. Shikilia.
Achia, Tarcisio!

Jana nilikwenda nalo hadi langoni.
Zamu ya mchana ilikuwa ikitoka, vijana nisiowajua,
mmoja akaipiga picha ile njegere.
Nikasimama kwenye mwinuko, pua juu,
nikavuta breki ya mkono hadi meno yake yote yakalia,
nikautoa mguu, nikaulaza kando.
Saa nne na dakika tano. Na kumi.
Taa za chumba cha kubadilishia nguo zikazimwa, moja, moja.
Sikupiga honi.